Samaki Aliyecheza Ngoma

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alimsaidia shangazi yake kwenye duka la samaki wa mapambo, wale wa maji ya chumvi. Shangazi alikuwa na desturi yake: kabla ya kuwalisha samaki, aliketi kwenye kigoda mbele ya tangi kubwa akawatazama kimya mpaka chai yake ikaisha. Chiriku, ambaye jina hilo hakulipata bure, aliona huko ni kupoteza muda. Samaki ni samaki, watazamwe nini?

Siku moja shangazi alikwenda kuchukua mzigo wa chumvi, akamwachia duka. Chiriku akakipita kigoda, akamwaga chakula na kugeuka. Baadaye akamwona Mvivu, samaki mwekundu, kalala ubavu chini ya jiwe. Akadhani anaumwa. Alimtoa kwa wavu, akamtia kwenye tangi dogo la wagonjwa, na humo Mvivu akaanza kujigonga kwenye kioo. Kwenye tangi kubwa, samaki mgeni wa manjano alikuwa akijisugua kwenye mawe. Watoto wa jirani walisema anacheza ngoma, wakacheka, na Chiriku akacheka nao.

Shangazi aliporudi hakucheka. Alimwuliza Chiriku jinsi Mvivu anavyolala siku zote.

"Sijui, shangazi," alisema Chiriku kwa aibu. "Sijawahi kumtazama."

"Basi keti umtafute mgonjwa wa kweli. Tukichelewa, atawaambukiza wote. Nikimaliza kushusha mzigo, unionyeshe."

Chiriku akaketi. Wenzake walimwita nje wakacheze, akatikisa kichwa. Kuondoka hapo bila jibu, hathubutu! Alitazama mapezi, akatazama mashavu. Wengine walipumua taratibu na kudokoa chakula kilichobaki. Yule wa manjano alihema kama aliyepanda mlima mbio, na chakula kilimpita mdomoni asikiguse. Chiriku akasogeza uso kwenye kioo. Mapezi ya samaki yule yalikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi.

"Shangazi, hachezi huyu! Anawashwa!"

Alimnasa mwenyewe, mikono ya gauni ikalowa hadi mabegani. Mvivu alirudishwa kwake na papo hapo akalala ubavu. Mgonjwa akatiwa dawa kwenye tangi dogo, na shangazi akaonya kwamba wenzake nao lazima wachungwe kila siku. Kila asubuhi Chiriku alikuwa wa kwanza kwenye kigoda.

Likizo ilipokaribia kwisha, samaki wa manjano alikuwa akila vizuri na vidoa vimetoweka. Mtoto wa jirani akalalamika kwamba siku hizi hachezi ngoma.

"Amepona," alijibu Chiriku, wala hakuongeza neno.

Shangazi akatabasamu. "Mvivu akilala ubavu, ndivyo alivyo. Mwingine akilala hivyo, ujue pana jambo. Usiyemjua akiwa mzima, hutamjua akiumwa."

Kisha akaleta kigoda cha pili, na kikombe cha pili cha chai.