Uso wa Mama Ukutani

Foleni ya duka la kuchapisha picha ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Msanii akageuka ghafla, na karatasi yake ndefu iliyoviringishwa ikamgonga dada wa nyuma yake. Chai aliyoishika dada ikamwagikia blauzi yake ya njano.

"Samahani, dada yangu!"

"Samahani yako inatoa madoa?"

Wiki haikuisha wakawa wanapigiana simu mpaka masikio yanapata moto. Dada alitunza picha kwenye hifadhi ya nyaraka za kale. Msanii aliilisha akili mnemba ya kompyuta picha za namna hiyo, marehemu wakapepesa macho kwenye video.

"Wewe unawalaza, mimi nawaamsha," alimtania.

"Waamshe taratibu, mpenzi."

Jioni moja dada akamwonyesha picha ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Wa tatu alikuwa mama yake, aliyefariki yeye akiwa hajaanza hata kutembea. Mama alitikisika picha ilipopigwa, uso ukawa ukungu mtupu, na picha nyingine hakuna. Tangu utotoni alikuwa akiukodolea macho ukungu ule, akamtungia mama uso, akaupenda. Hakuwahi kumweleza mtu. Jioni ile alimsimulia msanii uso wote, machozi yakimtoka.

Siku ya maonyesho ya msanii, dada alivaa gauni jekundu, akasimama mbele kabisa. Ukutani wanawake wa kiwanda wakageuka mmoja mmoja. Wa tatu akainua uso, safi kabisa, akatabasamu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Dada akamshika msanii mkono.

"Uso huo umeutoa wapi?"

"Niliipa mashine picha zako, damu si moja? Nilitaka umwone mama kabla sijakuposa."

"Huyo ni mimi!" Akatoka mbio.

Simu zake hakupokea. Mwishowe msanii akaja mwenyewe, kakonda, hajanyoa.

"Nimeifuta yote, mpenzi. Hata nakala sikubakiza."

"Umeifuta ukutani. Nikifumba macho simwoni mama tena. Najiona mimi, nacheka kama mjinga."

"Niambie nifanye nini."

Dada alitaka kumfukuza, akashindwa. Duniani pote ni huyu tu aliyewahi kusimuliwa uso ule.

"Nisimulie mama alivyokuwa. Kama nilivyokwambia jioni ile."

Msanii akafungua mdomo. "Ulisema macho yake..." Akaanza tena, akaishia palepale.

"Hukusikiliza?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Dada akamwegemea, akalia kifuani pake, kwa kuwa hakuwa na kifua kingine cha kulilia.