Maua ya Jumapili

Hebu niwategee kitendawili kimoja kabla hatujafika mbali. Ninayo shuka nyeupe, nyepesi, ya duara. Kila asubuhi hubebeshwa udongo mweusi na kumwagiwa maji ya moto. Maji hupita, udongo hubaki. Ni nini hiyo? Usiruke mistari kwenda kutafuta jibu. Fikiri kwanza. Ukishindwa si aibu, maana hata watu wazima wanaoishika kila siku hushindwa.

Mama yake Chiriku aliishika kila siku. Kazi yake ilikuwa kupika chai na kahawa katika jengo la ofisi lenye ghorofa tatu na lisilo na lifti. Asubuhi alipanda na birika, mchana akashuka na vikombe, jioni akapiga deki jikoni. Akifika nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi, akaweka miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa muda hakuna aliyemsemesha. Nguo zake zilinuka kahawa. Mwenyewe hakuinywa hata tone. Alisema akiiona tu kikombeni magoti yanaanza kumuuma.

Binti yake aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo. Jina lake halisi hata majirani walikuwa wamelisahau. Alisema njiani, alisema akila, na akilala alisema usingizini.

"Mwanangu," mama alikuwa akimwambia, "niachie na mimi maneno mawili matatu niyatumie kesho kazini."

Jioni moja mama alirudi na mfuko. Ofisini walikuwa wamenunua mashine mpya, na karatasi za kuchujia kahawa za mashine ya zamani zilikuwa kubwa mno, hazikuingia. Msimamizi alimwambia azitupe au azichukue, yote sawa. Ndizo hizo shuka nyeupe za duara. Kama ulikuwa umeshapata, hongera. Kama hukupata, sasa unajua.

Zilikuja wakati mzuri. Mwalimu wa sanaa alikuwa ametaka kila mwanafunzi alete maua matatu ya karatasi siku ya Jumatatu, ya kupamba chumba kipya cha kusomea.

"Jumapili unayo siku nzima," mama alisema. "Utakunja, utachovya kwenye rangi, utaanika, ndipo utafunga. Kazi hii sehemu kubwa ni kungoja."

"Naelewa, mama."

Jumapili ilipofika, Chiriku alikunja karatasi moja. Mara akasikia wenzake wakiruka kamba uani.

"Nakuja sasa hivi," alisema. Hiyo sasa hivi iliisha jua likizama.

Na Jumapili ndiyo ilikuwa siku pekee ya mama kupumzika. Alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. Alipoamka aliona karatasi moja iliyokunjwa nusu, chupa za rangi ya chakula ambazo hazijafunguliwa, na kiti kitupu. Hakumwita mtu. Alikaa, akaanza.

Chiriku aliporudi, vumbi mpaka magotini, alikuta maua matatu yamesimama kwenye glasi dirishani. Petali zilikuwa nyekundu pembeni, zikafifia taratibu kuelekea ndani, na katikati palibaki peupe kabisa, kana kwamba rangi ilifika pale ikasita kuingia bila kubisha hodi. Mama alikuwa amesinzia mezani, uzi bado umemzunguka kidole.

"Asante, mama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. Akala, akalala.

Jumatatu mwalimu wa sanaa alipita kati ya madawati. Muhula ulikuwa unaishia, na mwalimu alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi. Alitazama maua ya huyu, akaitikia kwa kichwa, akatazama ya yule. Alipofika kwa Chiriku alisimama. Alichukua ua moja, akaligeuza, akalisogeza karibu na macho. Kisha akasema maneno machache juu ya mtu aliyelitengeneza, polepole, kama anayepima kila neno. Darasa zima likageuka kumtazama Chiriku.

Mwalimu hakuuliza nani ametengeneza. Kwa nini aulize? Na Chiriku, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, siku hiyo alikosa.

"Ijumaa utawafundisha watoto wa chekechea," mwalimu alimwambia. "Madirisha ni mengi na maua hayatoshi. Wewe ndiye utakuwa mwalimu wao."

Wakati wa mapumziko alifuatwa na rafiki yake, yule waliyemwita Shahidi kwa kuwa hakuna jambo lililotokea akakubali kwamba hakuwepo.

"Nina swali dogo tu," Shahidi alisema. "Jana ulikuwa na mimi kwenye kamba mchana kutwa. Mimi ni shahidi. Maua uliyatengeneza saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ulitukuta uani tukiruka."

"Basi asubuhi sana. Wewe polisi?"

"Mimi sijasema kitu," Shahidi alijibu, akaenda zake akitafuna kifuniko cha kalamu.

Jioni mama alifika, akavua viatu, akaweka miguu juu ya ndoo. Baada ya kupumua kidogo aliuliza, "Mwalimu alisemaje kuhusu maua?"

Chiriku alifikiri haraka. Akisema mwalimu aliyasifu, mama atauliza kama alimweleza ni ya nani.

"Hakusema kitu," alijibu.

"Hakusema kitu?"

"Aliyapokea tu."

Mama alivitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua. "Zamani nilikuwa najua," alisema. "Siku hizi vimekuwa vizito." Kisha akainuka kwenda kubandika sufuria.

Jumatano aliuliza tena, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Mwalimu hata leo hakusema lolote?"

"Hata leo."

"Si neno. Yangekuwa mabaya sana angeyarudisha."

Alhamisi mama hakuuliza. Chiriku alikaa akingoja aulizwe, chakula kikapoa, na swali halikuja. Usiku ule hakusema hata usingizini.

Ijumaa watoto wa chekechea walikaa chini magoti yakigusana, kila mmoja na karatasi yake kutoka mfuko wa mama. Chiriku alimimina rangi kwenye bakuli. Hakujua anaanzia wapi, kwa hiyo alianza kwa sauti kubwa.

"Weka yote ndani. Zamisha. Haya, toa, funga na uzi."

Nyekundu ikaingia kwenye buluu, buluu ikaingia kwenye njano, na bakuli zote zikawa na rangi ya maji ya deki. Karatasi zilizolowa zikachanika vidoleni.

"Dada, la kwangu limekufa," alisema mmoja.

"Dada, hili ni ua gani?" aliuliza mwingine.

"La porini," Chiriku alijibu.

"Sisi tunataka la nyumbani."

Mtoto wa tatu aliinamisha kichwa. Alitazama tonge la karatasi mkononi mwake, midomo ikaanza kumtetemeka.

Mwalimu wa sanaa alikuwa mlangoni. Aliwatuma watoto wakanawe mikono, akaketi kwenye kiti kidogo cha chekechea, magoti yakamfika kifuani.

"Yale yako hayakuwa hivi," alisema.

"Mwalimu, nimechoka."

"Umechoka na nini, na leo hujabeba hata kiti?"

"Nimechoka kunyamaza." Chiriku alikuwa akiangalia sakafu iliyojaa madoa. "Yale maua si yangu. Alitengeneza mama. Mimi nilikuwa naruka kamba. Uliposifu, nikanyamaza."

Mwalimu aliokota tonge moja la karatasi sakafuni. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyeongezewa mzigo mwingine begani.

"Yale maneno niliyoyasema siku ile," aliuliza, "mama yako ameyapata?"

"Hapana."

"Wiki nzima?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Sikupi adhabu. Futa sakafu hii, kisha uende ukampe mwenyewe kilicho chake. Na Jumatatu urudi hapa. Hawa wadogo tumewaahidi maua."

Siku hiyo Chiriku alitangulia kufika nyumbani. Alipasha maji, akayamimina kwenye beseni, akaliweka mbele ya kiti. Mama alipoingia alilitazama beseni, akamtazama mtoto.

"Pole na kazi, mama."

"Nimeshapoa. Umevunja nini?"

"Nimeharibu karatasi nyingi." Alianza na lile dogo. Halafu lile kubwa likafuata, lote, kuanzia kamba mpaka mtoto aliyetetemeka midomo. "Nilikwambia mwalimu hakusema kitu. Alisema, mama. Walidhani ni mimi, nikawaacha wadhani hivyo."

Mama alikuwa ameshaingiza miguu majini. Alivichezesha vidole vya miguu taratibu, akivitazama.

"Mimi pia nilikosea," alisema mwisho. "Nilikuonea huruma nikakumalizia kazi yako, ukabaki hujui. Sasa umejionea. Jambo usilolifanya kwa mkono wako huwezi kulifundisha, hata uwe na mdomo wa namna gani. Lakini hilo la kutojua linatibika kwa siku moja. Lile jingine ndilo baya. Mtu akifanya kazi amechoka, halafu sifa zake ukazificha mfukoni mwako, yeye anabaki akidhani mikono yake imeharibika. Mimi nilidhani hivyo wiki nzima. Usimfanyie mtu hivyo tena."

"Sitafanya, mama."

"Lete karatasi zilizobaki."

Mama hakuinuka kwenye kiti. Alielekeza tu, macho yakiwa mazito. Kunja mara mbili, tena mara moja. Gusisha ukingo kwenye rangi, uutoe. Sasa iache.

Chiriku alitaka kuizamisha kidogo zaidi.

"Usiisaidie," mama alisema. "Rangi inapanda yenyewe. Wewe kaa."

Alikaa. Wekundu ulipanda kwenye karatasi polepole mno, ukapungua nguvu njiani, ukasimama kabla ya katikati. Akachovya nyingine mbili, na zilipokauka alizipachika tatu pamoja, akazibana katikati, akazungusha uzi. Ua la kwanza lilikuwa limepinda upande mmoja, lakini lilikuwa ua, na kila mtu angelijua. Jumatatu angewafundisha watoto hivyo hivyo, na wangengoja kwa shida, wakichungulia, na madirisha ya chumba cha kusomea yangejaa. Hilo lilikuwa bado. Jioni ile walikuwa wawili tu, na maji ya beseni yalikuwa yameshapoa.

Mama aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Chiriku alidhani amelala.

"Na bado hujaniambia," mama alisema bila kufumbua. "Mwalimu alisemaje?"

Chiriku aliweka uzi chini.

"Aliligeuza nyuma, mama. Akasema wenzangu wote wamepamba mbele tu, lakini aliyetengeneza hili amelifunga nyuma vizuri kama mbele, mahali ambapo hakuna atakayetazama. Akasema mtu huyu hajui kulipua kazi. Kisha akasema hata yeye, na ualimu wake wote, angependa kukaa chini afundishwe na mikono ile."