Mwana Aliyeungua Katika Toleo la Saba

Dokta Nabila aliyasoma maandishi yangu mbele ya watu wote, kwa ile sauti ya mwalimu aliyekamata barua ya mapenzi darasani.

"'Toleo la saba. Marekebisho madogo madogo na maboresho ya jumla. Ramadhani njema.'" Akavua miwani. "Ustadhi Tharwat, hata Idi Kubwa imepita. Nyama yenyewe imeshakwisha kwenye friji."

Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka kuliko wote. Mtu aliyefukuzwa kazi katika nchi nne hujifunza kuwahi kicheko. Kazi yangu katika ofisi ile ya mtaa wa Dokki ilikuwa moja tu: kila programu yetu ya maduka ya dawa ikitoka upya, niandike kilichoongezwa, kilichobadilishwa na kilichoondolewa. Nami kila mara nilinakili maneno yaleyale. Nani husoma?

"Na huu mstari wa chini?" Dokta Nabila akauliza. Yeye alisimamia maduka yote yaliyotumia programu yetu. "'Na mwanangu ameungua.' Mwana wa nani?"

Sikuwa nimeandika hayo. Nikamgeukia Safinaz, binti aliyeijenga programu yenyewe, maana mizaha yake naijua. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananusa hewa.

"Mnasikia harufu?" akanong'ona. "Kama nywele zinaungua."

Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kikainuka chenyewe. Kikarudi nyuma taratibu, kikazidi kurudi, mpaka tukasikia ka! kama mfupa wa kuku unapovunjwa mezani. Safinaz akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia birika linapochemka.

Hospitali walisema amejigonga. Kesho yake alirudi na bandeji, si kwa ushujaa, ila maduka yalikuwa yanapiga simu. Toleo la saba lilikuwa linaonyesha dozi za watoto mara kumi zaidi.

"Ni ile sehemu ya zamani niliyoifuta," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ile ambayo hakuna aliyejua nani aliiandika. Nilipoifuta, kompyuta ililia. Nikadhani feni."

"Mbona hukuniambia niiandike?"

"Nilikwambia, mzee. Bosi akasema tufiche."

Kweli. Lutfi, bosi wetu, alikuwa amesema: "Tukitangaza kwamba tumeondoa kitu, wateja watauliza maswali. Andika madogo madogo." Nami nikaandika.

Safinaz akarekebisha dozi. Nikaandika "marekebisho madogo", tukatuma. Papo hapo gilasi ya chai ikapasuka kiganjani mwa Lutfi, vipande vikamzama kwenye nyama, na kidole cha pili cha Safinaz kikavunjika. Toleo likafika madukani na dozi ileile mbaya. Tukajaribu kurudi kwenye toleo la sita. Palipokuwa na ile sehemu ya zamani hapakuwa na kitu, na kwenye matundu ya kompyuta kukamwagika jivu, laini, lenye vuguvugu.

Jioni Dokta Nabila alipiga simu. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amelazwa hospitali mjini Giza. Alikuwa anapumua bado. Tuliwaambia maduka yote yazime programu. Wapo waliosikia, na wapo waliokuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni.

Shangazi yake Safinaz akatuletea Mama Fawkia wa mtaa wa Imbaba, mpiga ngoma za zari, zile za kupunga pepo, na jogoo mweusi kwapani. Alifika adhuhuri, umeme umekatika, joto limetukaba.

"Nani amemwaga maji ya moto?" akauliza kabla hata ya kukaa.

"Hapa tunaandika programu, mama," Lutfi akasema.

"Sikukuuliza mnaandika nini. Mama yako hakukufundisha? Kabla ya kumwaga maji ya moto kwenye bomba, unawaomba ruhusa majini waliomo, unasema 'dasturi, wenyewe,' ili wahamishe watoto wao."

Akachinja jogoo. Damu haikufika sakafuni. Ilisimama hewani kama uzi, ikakatika, ikamrukia usoni, na Mama Fawkia na uzito wake wote akanyanyuliwa akabamizwa mlangoni, begani, tukasikia mfupa ukiachia. Akanguruma pale chini: "Huyu hataki jogoo! Anataka mseme mlichofanya!"

Safinaz akageuka. Macho yalikuwa yake, sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mama aliyelia mpaka koo likakauka.

"Kila mara mlituambia," ikasema. "Waliokutangulieni waliandika: kesho tunaondoa hiki. Nasi tulihama. Wewe uliandika nini?"

"Tharwat, usiandike chochote!" Lutfi akapiga kelele. "Kitasomwa na wateja wote!" Kabati la chuma likasogea lenyewe, likamminya ukutani mpaka akabaki anatoa povu jekundu na maneno yakamwishia.

Nikaketi mbele ya kompyuta ya mapajani iliyokuwa bado na chaji. Mazoea ni ugonjwa, wenzangu, hata pale vidole vyangu viliandika vyenyewe: "Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Usumbufu?" ikauliza sauti.

Ka! Kidole cha tatu. Safinaz, kwa sauti yake mwenyewe sasa, akalia, "Mzee, andika ukweli, nakuomba, andika!"

Nikafuta, nikaanza upya, na kibodi ikapata moto chini ya mikono yangu, kwanza kama kikombe, kisha kama kikaango, na kila herufi niliyobonyeza ilibaki na kipande cha ngozi yangu, na harufu ile ya nywele sasa ilikuwa harufu yangu mimi, nami nikaendelea kuandika huku nikilia kama mtoto anayetahiriwa, kwamba tumeondoa sehemu ya zamani, kwamba hatukuwataarifu waliokuwamo, kwamba mtoto wao alikuwa amelala humo na ameungua, kwamba aliyeagiza tufiche ni Lutfi na aliyeficha ni mimi, Tharwat Shukri, na kwamba dozi zote tangu toleo la saba zisiaminiwe. Nikatuma.

Kabati likarudi nyuma, Lutfi akaanguka, akikohoa, hai. Simu ikaita. "Dozi zimekaa sawa," Dokta Nabila akasema. "Na yule mtoto wa Giza amefumbua macho. Tharwat, haya uliyoandika ni nini?" Sikuwa na vidole vya kushika simu vizuri. Ikaniponyoka.

Safinaz alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, mkono wake wa kushoto unaning'inia, vidole vitatu vimelala nyuma kama majani yaliyochomwa na jua. Yule jini mama alikuwa bado yumo ndani yake, akinitazama.

Nikapiga magoti penye damu ya jogoo.

"Bibi," nikasema, "tumekosa, na tumesema mbele ya watu wote. Binti huyu alitumwa tu. Mrudishie vidole vyake. Mrudishe alivyokuwa."

"Nirudishieni wangu kwanza."