Aliyeitika Nyuma ya Bo-kai

Waendesha baiskeli walikuwa watatu, na sauti zilipaswa kuwa tatu. Lakini walipovuka daraja la kwanza mlimani, juu ya kijiji cha Tianxiang, asubuhi kweupe, jua limetoka, iliitika sauti ya nne.

Mtindo wao ulikuwa huu. Guo-tai, fundi baiskeli mwenye tumbo kubwa na maneno makubwa kuliko tumbo, alitangulia. Akiona shimo, anapaza sauti, "Shimo!" Penye daraja, kwa kuwa vyuma vya maungio huteleza, "Daraja!" Penye handaki, ili watu wawashe taa, "Handaki!" Su-yin, aliyekaa katikati, hulirudia neno. Mdogo wake Bo-kai, mshika mkia, hulirudia naye, kisha huongeza, "Mwisho!" ili Guo-tai ajue habari imefika. Hivyo ndivyo walivyokizunguka kisiwa tangu watoke kwao Puli. Sasa ulibaki mlima huu mmoja, kuupanda na kuushuka, wawe nyumbani.

Asubuhi ile Bo-kai alisema, "Mwisho!" Na nyuma yake mtu mwingine, kwa sauti nzito ya aliyeamshwa usingizini, akasema, "Mwisho."

Su-yin akageuka. Nyuma ya mdogo wake barabara ilikuwa tupu.

"Bo-kai, unanifanyia mzaha?"

"Dada, pumzi ya kupandia mlima sina, ya mzaha niitoe wapi?"

"Mwangwi huo," Guo-tai akadakia bila kugeuza shingo. "Bonde hili hata ukijamba linakujibu. Kanyageni, watoto wa mama!"

Wakacheka, na kicheko kikamtuliza Su-yin kidogo. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, mwezi wa mizimu kufunguliwa mlango, na mama yao alikuwa amewakataza wasipande mlima. Aliposhindwa kuwazuia, alimshika Su-yin mkono. "Umetoka naye," alimwambia, "urudi naye." Bo-kai ndiye aliyekuwa kitinda mimba, na Su-yin ndiye aliyemfundisha baiskeli baada ya baba yao kufa, akikimbia nyuma yake mkono umeshika kiti. Alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe, naye hakuona haya kulisema.

Wakapanda. Madaraja yakaja, mahandaki yakaja, na kila mara ile sauti ya nne iliitika. Ndani ya handaki mtu anaweza kujidanganya kwamba ni mwangwi. Nje, penye uwazi, unajidanganya na nini? Ikaja na harufu: mawe yaliyovunjwa na baruti mbichi, kama pale wanapopasua mwamba, ingawa hakuna aliyekuwa akipasua kitu.

Adhuhuri ukungu ukashuka. Guo-tai akaita, "Daraja!" Su-yin akarudia. Kisha ile sauti nzito ikasema, "Daraja," karibu kabisa na gurudumu lake la nyuma, na ndipo, mbali, mbali sana, Bo-kai naye akaitika.

Kwa hiyo haikuwa tena nyuma ya mdogo wake. Ilikuwa kati yao.

"Mbona mnaniacha?" Bo-kai akalia kutoka kwenye ukungu.

"Hatukuachi! Kanyaga!"

"Nakanyaga! Baiskeli nzito, dada. Kama mtu amenishika kiti."

Su-yin akafunga breki, akamngoja mpaka akamwona na kumshika shati. Hakuliachia shati hilo mpaka Guo-tai aliporudi nyuma kuwaangalia, na mara hii fundi hakuwa na utani wa kuwapa.

"Tukitoka handaki linalofuata yupo Bibi Ruan," alisema kwa kunong'ona. "Anauza mayai na chai. Madereva wa malori wakiona mambo yasiyoelezeka, humwendea."

Walipofika handakini, mazoea yana taabu, Guo-tai akaita tena, "Handaki!" Su-yin akarudia, Bo-kai akarudia. Walipotokea upande wa pili walimkuta bibi kizee amesimama nje ya kibanda chake cha mabati, kijiko kimemwanguka mkononi, ameinamisha kichwa kama watu wanavyofanya jeneza likipita.

"Poleni, wanangu," alisema. "Mnamrudisha nani?"

"Haturudishi mtu, bibi," Guo-tai akajibu. "Tunatembea tu."

"Mnatembea tu? Nawasikia tangu bonde la chini. Daraja hili, handaki hili. Wewe, mtu mzima mwenye ndevu, hujafiwa?"

Guo-tai akashuka kwenye baiskeli. Alikuwa amefiwa. Baba yake alikufa ajalini, naye ndiye aliyemrudisha nyumbani, amekumbatia koti la marehemu, akimwambia penye kila daraja, baba, tunavuka daraja. Penye kila handaki, baba, tunaingia handaki, tufuate, usipotee. Nani wa Puli asiyejua kwamba roho ya aliyefia njiani haioni njia mpaka itajiwe? Wote watatu walijua, na wote watatu walikuwa wameitaja njia mlima mzima, mwezi wa saba, bila hata mmoja kushtuka.

"Barabara hii ilichongwa kwa nyundo na baruti," Bibi Ruan akasema. "Vijana kutoka ng'ambo, hawana mama huku, hawana dada. Walifukiwa humu humu. Hakuna aliyewahi kuwaita. Leo mmoja amesikia anaitwa. Ungekuwa wewe, usingeinuka?"

Akawasha udi, akaweka wali na sigara mbele ya kijumba cha Mungu wa Ardhi, akatupa vibao vyake viwili vya kupigia ramli, vyenye umbo la mwezi mchanga, kumuuliza mgeni kama atakubali kubaki. Vibao vikalala kwa kukataa. Akaongeza nyama, akatupa tena. Vikakataa.

"Chakula hataki," alisema, akiviokota vibao. "Anataka nyumba. Sasa nisikilizeni. Kutoka hapa, midomo ifungwe. Msitaje daraja, msitaje handaki, msitaje hata shimo. Asiyetajiwa njia hupotea, atarudi kwake. Na huyu kijana msimwite jina. Ukiita jina kwenye ukungu, si lazima aitike mwenyewe."

"Na akiitika mwingine?" Su-yin akauliza.

"Basi jina limekuwa lake, na mwili uliovaa jina pia."

Guo-tai akataka yeye ashike mkia. Bibi akakataa katakata: mkia ukiachwa wazi hata kwa kufumba na kufumbua, ataukalia mwingine. Bo-kai akajikaza kiume, midomo imegeuka bluu kwa baridi.

"Nitapiga kengele njia nzima," alimwambia dada yake. "Ukisikia kengele, ujue nipo. Usigeukegeuke, utaanguka, na mama ataniua mimi."

Wakavuka kilele bila kupiga picha, wakaanza kushuka.

Mwanzoni kengele ililia vizuri, kling, kling, na kwa kila mlio Su-yin alipumua. Daraja likapita, hakuna aliyesema neno. Nyuma yake kitu kilianza kuhema, si kuhema kwa mtu anayeendesha baiskeli bali kwa mtu anayekimbia kwa miguu, na harufu ya baruti ikamjaa puani mpaka macho yakatoa machozi, na penye daraja la pili ile sauti nzito ikanong'ona kwa unyonge, "Hapa ni wapi?" kisha, mbele kidogo, "Dada, hapa ni wapi?", naye akauma mdomo mpaka akaonja damu, akashuka, vidole vimekufa ganzi kwenye breki, akisikiliza kengele, na kengele ikalia, na ikalia, halafu kwenye kona moja haikulia, na kabla hajajua afanye nini akaona mbele yake mlima umemwaga mawe katikati ya barabara na ukingo wa upande wa bonde haupo, akapenya kwenye mwanya usiozidi upana wa mabega, akajua kwamba mdogo wake anakuja nyuma kwa kasi ile ile, haoni, na hakuna kengele, na hakuna kengele.

Wenye busara watasema angenyamaza. Wenye busara hawana mdogo.

"Bo-kai!" alipiga ukelele. "Mawe! Bo-kai!"

"Naam, dada."

Palepale, nyuma ya bega lake. Akageuka. Bo-kai alikuwa amesimama upande huu wa mawe, mguu mmoja chini, uso umelowa ukungu, hana hata mkwaruzo. Su-yin akaitupa baiskeli, akamkumbatia, akalia kwa kwikwi. Mwili wa mdogo wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini nani asingekuwa baridi huko juu? Kule kuhema kulikuwa kumekoma. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Kengele yako je?" alimuuliza.

Bo-kai aliitazama kengele kwenye usukani kama kitu asichokijua kazi yake, akatabasamu.

Walipoanza tena kushuka kumfuata Guo-tai, Su-yin alisikia huko juu, nyuma ya mawe, ndani ya ukungu: kling, kling. Alijiambia ni mwangwi. Alijiambia hivyo mpaka Puli, na njia nzima Bo-kai hakumtania mtu, hakulalamika njaa, hakutoa macho kwenye mgongo wa dada yake.

Jua lilikuwa bado halijazama walipoagana na Guo-tai na kuingia uani. Mama yao alitoka na aproni yake, mikono ina unga, analia na kucheka. Su-yin akapita mlangoni. Bo-kai akabaki nje. Alisimama mbele ya kizingiti, miguu pamoja, anangoja.

Ndipo Su-yin alipoelewa. Mfu haingii nyumba mpaka aambiwe amefika.

"Mama, usiseme!" akapayuka. "Mama, usim..."

"Huyu naye ana nini?" mama akacheka. "Mwanangu, umefika nyumbani. Ingia."

Akaingia. Akavua viatu kwa adabu, akavipanga sawasawa, akamwinamia mama mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Asante sana, shangazi," alisema kwa sauti ya Bo-kai. "Nimechoka kweli."

Tabasamu la mama likabaki usoni, halina pa kwenda. Alimtazama Su-yin. Su-yin hakuweza kumtazama yeye. Alichukua kwenye kamba ya kuanikia nguo shati la Bo-kai lililokuwa limekauka, akalikumbatia kifuani, akaigeuza baiskeli yake kuelekea mlimani, na giza likiwa linaingia akaanza kupanda kwenda kumwita mdogo wake, daraja kwa daraja.