Landrova ya Baba Inavuja

Jua lilikuwa linazama nilipotoka na karai kwenda bandani. Fundi Wafula alikuwa ameniagiza kwa simu niliweke chini ya Landrova hadi asubuhi, aje aone injini inamwaga oili kiasi gani. Kazi ndogo. Niliinama, nikalisukuma karai mahali pake, nikasikiliza.

To...

To...

Gari lilikuwa la baba, Bwana Athman. Hapa Kililana watu walilijua kabla ya lami, kabla ya bandari. Lilibeba ufuta na mahindi, likabeba wanawake wenye uchungu, likabeba maiti. Sasa nililiendesha mimi, Huwaida, mwanawe wa pekee, kwa sababu baba alikuwa kitandani. Nguvu zilikuwa zimemwisha, na kulikuwa na jambo moja ambalo hatukumwambia mtu. Hakuweza tena kuzuia mkojo.

Mtu aliyeswali safu ya mbele maisha yake yote. Shuka zake nilizifua kabla ya alfajiri na kuzianika ndani, jikoni, majirani wasizione. Nilipombadilisha aligeuza uso ukutani. Nami niliangalia dari.

Nilipotaka kuinuka pale bandani, harufu ikanipata.

Haikuwa ya oili.

Nilivuta karai karibu, nikanusa. Dawa ya kuchua... jasho la mgonjwa... mkojo. Ilikuwa harufu ya chumba cha baba, na ilitoka kwenye tone jeusi lililokuwa bado linatetemeka.

Nikajiambia ni mikono yangu. Nikaenda kunawa.

Wafula alikuja, akalala chini ya gari, akakaza nati na kupaka silikoni palipovuja. Gari likatulia. Na baba naye akatulia. Shuka zikawa kavu, nikamshukuru Mungu, sikufikiri zaidi. Kisha jioni moja niliona udongo wa bandani umelowa tena, na kabla sijanyanyuka nikasikia baba ananiita kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Nilijua ananiitia nini.

Tangu hapo nikawa napita bandani kwanza. Udongo ukiwa mkavu, chumba kikavu. Ukiwa umelowa, nilichukua shuka safi kabla ya kubisha mlango. Haikukosea hata mara moja. Sikumwambia mtu. Ungeanzia wapi kulisema jambo kama hilo?

Wafula aliporudi alijifuta mikono kwa kitambaa, akanieleza wazi.

"Bi Huwaida, sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili, imechoka. Naweza kuendelea kuziba, na itaendelea kuvuja. Ama nishushe injini, niifungue yote, niiunde upya. Hapo itakuwa kama mpya. Chagua wewe."

Nilikwenda kumuuliza baba, kwa heshima tu, maana gari ni lake. Alinishika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu zile.

"Tia kiraka, mwanangu. Usiifungue."

"Kwa nini, baba?"

"Iwate," alinong'ona. "Iwate ivuje." Niiache tu, ivuje.

Nilimwonea haya, na haya yakageuka hasira. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka na ile harufu mikononi, nilichoka kumjibu kila anayekuja kumjulia hali kwamba amelala. Nikatoka, nikamwambia Wafula afungue.

Kazi ilimshika hadi Magharibi. Alikuwa ameshateremsha gia boksi, yuko chini ya gari na taa yake, mimi nimechuchumaa kando. Adhana ilikuwa imekwisha. Ghafla spana zikanyamaza.

"Bi Huwaida."

"Naam."

"Hapa nyuma ya injini kuna kitu."

Nililaza shavu langu chini nikaangalia. Kila kitu mle ndani kilikuwa cheusi kwa oili ya miaka. Isipokuwa kitambaa kimoja, kimefungwa kwenye chuma kwa uzi. Cheupe. Kikavu. Safi kama sanda inayotoka dukani.

"Usikiguse," nilisema. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono.

Baba alipiga ukelele.

Sijapata kusikia sauti ile kwa mtu mzima. Ilitoka chumbani, ikavuka ua, ikaingia bandani. Wafula aliuondoa mkono. Ukelele ukakatika.

Alisogeza taa karibu na kitambaa.

Akakigusa tena, kwa ncha ya kidole. Sijui kwa nini. Labda alitaka kuhakikisha.

Baba akalia tena... na safari hii nikasikia jina langu.

"Nikitoe ama nikiache?" Wafula aliuliza kwa sauti ya chini. "Sema haraka, dada."

Oili ilikuwa imeacha kudondoka. Kila kitu kilikuwa kimeacha. Hata wadudu wa porini walikuwa wamenyamaza, na ile harufu ya chumba ilikuwa imetujaa puani. Nilifikiria shuka. Wallahi, wakati ule nilifikiria shuka, na jinsi ambavyo kungepambazuka bila hata moja ya kufua. Kisha nikaogopa nafsi yangu.

"Kiache," nikasema. "Tia sili mpya, ufunge. Usiunde kitu."

Siku zilizofuata baba aliamka. Kwanza alikaa, kisha akasimama, kisha akaomba kanzu yake. Shuka zilibaki kavu. Ijumaa alitembea kwa bakora hadi msikitini na watu wakaja kutupongeza. Nilicheka nao. Baba peke yake hakucheka. Hakuniangalia usoni, wala hakula nilichopika mpaka niwe nimetoka.

Wafula ndiye aliyenipa sababu. Tulikuwa gatini Mokowe, nikisubiri boti ya kuvuka kwenda kisiwani Amu, na gari nilikuwa nimemwachia aliangalie tena. Alinivuta kando.

"Kuna jambo sikukwambia. Kile kitambaa kilikuwa na mafundo mawili. Nilipokisogeza nitie sili, moja lilifunguka mkononi mwangu. Ndani mlikuwa na nywele fupi, za mwanamume. Zikapeperuka."

"Na la pili?"

Aliangalia viatu vyake. "La pili halikufunguka. Ila ncha zilitokeza. Nywele ndefu, laini. Za mtoto wa kike."

Sikupanda boti ile. Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa amekaa barazani na tasbihi, na aliponiona alijua. Aliongea akiangalia sakafu.

"Zama zile magari yalikuwa yakitekwa msituni, watu wakiuawa. Nikavuka Pate kwa mganga, akafunga nywele zetu. Akanambia, gari halitakuwata ndiani, na wewe usiliwate. Nami sikuweza kukuwata nyuma, mwanangu. Kila safari ulikuwa ukililia kuya nami." Tasbihi ilisimama vidoleni. "Nalitaka turudi sote."

"Basi nenda ukamwambie alifungue fundo langu."

"Amekufa kitambo," baba alisema. Akageuza uso ukutani.

Kesho yake nilivuka Amu. Binamu yangu Rahima alikuwa na maulidi ya wanawake nyumbani kwake, na nisingeonekana ningeulizwa. Nilivaa gauni la hariri, nikafukizwa udi, nikakaa kwenye zulia katikati ya akina mama. Nilipenda kuwa pale. Kwa muda nilisahau.

Simu ilitikisika mkobani. Ujumbe wa Wafula.

*Bi Huwaida inavuja tena. Inamwaga sana leo. Nizibe ama niifungue yote?*

Niliusoma. Nikausoma tena.

Ikafika pale panaposimamwa kumswalia Mtume. Wanawake wote waliinuka kwa pamoja, sauti zikapanda, mrashi wa maji ya waridi ukapita juu ya vichwa. Rahima alikuwa kando yangu. Alinigusa bega, akainama sikioni.

"Simama, Huwaida. Watu wanakuona."

Nilikunja magoti, nikajikusanyia gauni mapajani kwa mikono miwili, nikabaki nimekaa kwenye zulia lililokuwa limelowa.