Majibu ya Ncha ya Pua

Fundi makochi alikuwa amelala chali chini ya benchi la mapokezi kwenye kliniki ya macho, anachomoa misumari huku wagonjwa wakimruka miguu, alipoona viatu vyeupe vimesimama karibu na sikio lake.

"Samahani, kaka. Wagonjwa wangu watakaa wapi?"

"Nipe dakika kumi, dada. La sivyo watakaa juu yangu."

Mwenye viatu alikuwa mpima macho wa pale: koti jeupe lililonyooka kwa pasi, kitambaa cha buluu kichwani, na kicheko alichojaribu kukimeza akashindwa. Benchi lilipokuja kusimama, fundi alikuwa ameshapata namba yake.

Walipendana mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mapenzi yao ilipita kwenye simu. Mpima macho aliandika kati ya mgonjwa na mgonjwa. Fundi, vidole vimejaa gundi, hakuweza kuandika. Lakini simu yake ilikuwa inapendekeza majibu matatu chini ya kila ujumbe, basi yeye alikuwa akiinama na kubonyeza moja kwa ncha ya pua. "Nimekukumbuka pia." "Pole, mpenzi, niko nawe." Hakuona kuwa ni uongo. Yalikuwa maneno ambayo angeyaandika mwenyewe, kama angeyapata.

Jumanne moja, ameshapaka gundi kiti kizima, ujumbe ukaingia: "Wamenipa uhamisho, mji wa mbali. Niende?"

Gundi haimsubiri mtu. Ikikauka, ngozi haishiki. Akashusha pua: "Nenda, mpenzi. Nakutakia kila la heri." Akajiambia atapiga jioni. Jioni simu haikupokelewa, wala siku tatu zilizofuata.

Jumamosi, fundi akipigilia ngozi kwenye kochi la mteja, mpima macho akaja karakana, amevaa gauni la kijani. Shangazi yake fundi, mwenye karakana, akamvutia kiti. Hakukaa.

"Nimekuja kuaga. Gari ni kesho alfajiri."

"Kuaga? Mbona hatujazungumza?"

"Si ulisema niende? Hata wapi hukuuliza. Kuuliza si ujinga."

Ikabidi fundi aseme yote: gundi, majibu matatu, pua.

"Ulikuwa unanijibu kwa pua?"

Shangazi akageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mpima macho hakucheka.

"Na ile ya siku aliyofariki baba?"

Fundi akaanza kubandua gundi kwenye kidole.

"'Niko nawe.' Nililala nimeikumbatia simu, wewe."

"Lakini nilikuja. Nilibeba viti vya msibani mpaka watu wakaisha."

"Ulikuja. Najua." Akajifuta jicho kwa kiganja. "Na mimi nina langu. Jibu lako la 'Nenda' lilinichanganya, nikalipeleka kwa kile kishauri cha akili bandia cha kwenye simu. Nikakiuliza, huyu mtu ana maana gani? Kikasema anayejibu upesi hivyo ameshajitoa moyoni. Nikakiamini. Nikasaini saa ile ile."

"Ungenipigia, mpenzi."

"Na wewe ungeniandikia."

"Huwezi kukataa sasa?"

"Nafasi yangu wameshampa mtu." Akamsogezea simu. "Nionyeshe yaliyo yako."

Fundi akafuta kidole kwenye suruali, akapekua mwaka mzima. Mwisho akaonyesha machache: "Umekula?" "Shuka, niko nje." "Vaa sweta." 

Mpima macho akayasoma moja moja.

"Haya ndiyo niliyokuwa siyajibu," alisema.

"Nikufuate huko?"

"Usinifuate bado. Niache kwanza nijue nilimpenda nani."

Akamgusa shavu, palepale penye vumbi la sponji, akatoka. Fundi alisimama mlangoni mpaka gauni la kijani likapotea kwenye kona.

Shangazi hakuwa anacheka tena. "Mwanangu, na kochi la watu?"

"Kesho, shangazi."

"Mwenyewe anakuja asubuhi."

"Kesho, shangazi."

Akavua aproni, akaliacha kochi na ngozi imepigwa misumari upande mmoja tu, upande wa pili unaning'inia mpaka sakafuni.