Kikombe cha Amuri

Amuri hubeba magunia bandarini Kisangani. Kila asubuhi mkewe, Leila, humfungia kwanga, mkate wa muhogo, na samaki, naye huondoka akipiga mluzi. Lakini wiki ile chakula kilirudi vilevile. Kwa siku tatu Amuri hakupata hata lepe la usingizi. Alisaga meno, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi.

Kwenye kituo cha afya, Mama Naomie wa maabara alimpa Leila kikombe.

"Papa Amuri aweke mukojo humu. Nataka kuona kama iko na dawa ya kuamsha mwili."

Leila aliingiwa na hofu. Tajiri wa bandarini akisikia, si atamfukuza mume wake kazi? Akaingia msalani, akakijaza kikombe yeye mwenyewe. Hofu humfanya mtu mjinga, jamani.

Kipimo hakikuonyesha kitu. Amuri alipewa dawa ya malaria, akarudi nyumbani. Kesho yake akaanguka mlangoni, wakamrudisha kituoni.

"Mama Naomie, nilikudanganya," Leila alilia. "Ile mukojo ilikuwa yangu."

Naomie alikunja uso. "Alors, tumepoteza siku nzima. Mimi si polisi, mama. Majibu ni ya mugonjwa na dokta tu. Hii kipimo inaona hata dawa kidogo sana, lakini kwa mwenye mukojo tu!"

Safari hii Amuri alijaza mwenyewe. Naomie alichovya karatasi nyembamba.

"Mistari mbili, dawa hakuna. Mustari moja, iko."

Ulitokea mmoja.

"Sijameza kitu," Amuri alinong'ona. "Ninakunywa tu maji ya pipa ya patron, tajiri yetu. Inaondoa uchovu."

Palepale Naomie alituma watu bandarini wawazuie wachukuzi wasinywe maji hayo. Walimkuta Yakubu, mwenzake Amuri, amelala juu ya magunia. Naye alikunywa maji ya pipa lile; alikuwa amekufa tangu asubuhi.

Naomie alimfuata Leila nyumbani. Chupa ya Amuri ya kazini ilikuwa na maji kidogo ya pipa chini. Leila aliona haya kuitoa chafu, akataka kuisuuza.

"Usioshe! Usiongeze maji!" Naomie alimzuia. Akaifunga, akaandika jina, tarehe na saa. Aliituma pamoja na mkojo kwenye maabara kubwa, kwa sababu karatasi ile hutoa dalili tu. Maabara ilithibitisha: dawa ilikuwa moja, katika maji na katika mkojo.

Pipa liliondolewa, na tajiri akaitwa kujibu. Sasa kila mchukuzi hubeba maji ya kwao. Amuri analala tena. Chakula hakirudi.

Baada ya matanga, Fatouma, mjane wa Yakubu, alikuja kwa Leila. Alikuwa amesikia habari ya kikombe. Hakuketi.

"Ungetoa mukojo ya kweli siku ya kwanza, bwana yangu angekuwa muzima?"

Leila alitamani kusema hajui. Machozi yakamtoka.

"Ndiyo, dada," akasema.